Bakuli Moja la Uji Shuleni

Mkulima mwenye akili hafungi plau kwa ng'ombe aliyelala na njaa, kwa maana ajua ya kuwa shamba halitalimika. Lakini mara nyingi mtoto hupelekwa shuleni bila kutia kitu tumboni, kisha mwalimu hulaumiwa kwa kuwa mtoto yule hajifunzi. Wengine hawafiki shuleni kabisa. Njaa huwapeleka kutafuta kibarua.

Mwaka 2002 nchi ya Malawi ilipatwa na njaa kali. Bwana Magnus MacFarlane-Barrow wa Uskoti, ambaye zamani alikuwa mfugaji wa samaki, aliingia katika nyumba ya mama mmoja aliyekuwa mgonjwa wa kufa, amezungukwa na watoto wake sita. Kijana wake mkubwa, mwenye umri wa miaka 14, aliulizwa anataka nini maishani. Akajibu ya kuwa anataka chakula cha kutosha, na siku moja aweze kwenda shule. Kutokana na jibu hilo ilianza kazi iitwayo Mary's Meals, kwa kulisha watoto 200 hivi. Sharti lilikuwa moja tu: chakula kitolewe shuleni, ili mtoto akifuata uji akutane na kitabu.

Huko Malawi uji huo ni wa unga wa mahindi na soya, nao huitwa likuni phala. Chama hutoa unga, sufuria na jiko. Wazazi nao hufika alfajiri kwa zamu, huwasha moto na kupika bila malipo.

Je, fedha zilitoka wapi? Chama hakikukaa kuwangoja matajiri. Watu wa kujitolea walizunguka shuleni, makanisani na katika mikutano ya mitaa, kwanza Uskoti, kisha nchi nyingine za Ulaya na Marekani, wakieleza habari ya bakuli moja. Watoto wa huko wakajaza mifuko yao ya zamani daftari, penseli na sabuni, ikapelekwa Malawi. Mwaka 2012 msichana wa Argyll mwenye umri wa miaka 9, aliyekuwa akiandika kila siku juu ya chakula cha shule yake, aliwaomba wasomaji wake wachangie. Zikapatikana zaidi ya paundi 100,000. Jiko likajengwa katika shule ya Lirangwe, karibu na Blantyre, na mwaka huo huo msichana akasafiri na jamaa yake kwenda kuliona.

Safari ya namna hiyo yafaa ifikiriwe sana. Yuko mgeni ajaye kupiga picha ya mtoto mwenye machozi, akaenda zake. Huyo humwacha mtoto na aibu, wala hajui msaada wake umefanya nini. Yuko na mgeni ambaye huketi jikoni, akaona kina mama wakikoroga uji, akahesabu mabakuli, akauliza shilingi ngapi zimefika kwenye sufuria. Huyo akirudi kwao husema aliyoyaona, na watu humwamini.

Leo kazi hiyo hulisha watoto zaidi ya milioni mbili, nchini Kenya pia, Turkana ikiwamo. Mwaka 2024 gharama ya kumlisha mtoto mmoja mwaka mzima haikufika paundi 20. Bei hiyo ndogo haitokani na wageni peke yao. Wazazi wakiacha kuja asubuhi, hata meli nzima ya unga kutoka ng'ambo haitapika uji.

Basi, shule ikitaka marafiki wa mbali, na ianze kwa kuwa na wazazi wanaochukua zamu, na daftari ya hesabu iliyo wazi. Mgeni akibisha hodi siku yoyote, akute moto unawaka na watoto wamepanga foleni, kila mmoja na bakuli lake mkononi.