Umechelewa kulipa mkopo wa simu? Ada ya kuchelewa huombewa msamaha

Mkulima wa chai au wa maziwa hulipwa mwisho wa mwezi, na kuna miezi ambayo malipo huchelewa. Mkopo wa simu haungoji. Siku ya mwisho ikipita, ujumbe unaingia kwamba deni limepanda. Hapo wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili: tunakopa kwingine ili tulipe huku, au tunazima simu. Jambo la tatu, kumpigia mkopeshaji na kumwomba aondoe ada ya kuchelewa, halitujii akilini.

Sababu moja ni kwamba tunadhani tunakopeshwa na simu. Sivyo. M-Shwari, kwa mfano, ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2012, pesa zilikuwa za benki na simu ilikuwa njia tu ya kuzifikisha. Kompyuta ndiyo hupiga hesabu, lakini nyuma yake kuna benki yenye maafisa, na maafisa hao wanaweza kupunguza walichoongeza. Wenye kadi za mkopo za benki wanalijua hili. Mteja aliyechelewa mara moja hupiga simu, akaomba ada ifutwe, na mara nyingi husikilizwa.

Tuangalie hesabu. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa shilingi 5,000, unatakiwa kurudisha 5,375, bila kuhesabu ushuru. Siku 30 zikipita hujalipa, salio hilo hutozwa asilimia 7.5 tena, yaani shilingi 403 hivi. Kwa benki hizo ni pesa kidogo. Nyumbani ni unga wa siku kadhaa.

Je, benki hukubali kusamehe? Mwaka 2022 zilikubali, tena kwa wingi. Mwezi Novemba mwaka huo Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango ambapo benki zilipunguza angalau nusu ya deni la mikopo ya simu ya muda usiozidi siku 30 iliyokuwa imeshindikana kulipwa. Mikopo hiyo ilikuwa ya shilingi bilioni 30 hivi, na wakopaji walioguswa walikuwa zaidi ya milioni 4. Walipewa hadi tarehe 31 Mei 2023 kumaliza nusu iliyobaki.

Benki hazikufanya hivyo kwa huruma peke yake. Nusu inayolipwa ina faida kuliko deni zima lisilolipwa. Lakini mpango ule uliwafaa waliokwama kabisa. Aliyechelewa wiki moja akalipa pamoja na adhabu hakupata kitu. Huyo ndiye anayepaswa kuomba mwenyewe, na ndiye mwenye nafasi nzuri, kwa kuwa benki inataka aendelee kuwa mteja wake.

Ukitaka kuomba, fanya hivi. Kwanza, omba mapema, ikiwezekana kabla ya siku ya kulipa. Pili, lipa chochote ulicho nacho kabla ya kupiga simu, hata kama ni shilingi 500, ili waone nia yako. Tatu, omba jambo moja lililo wazi. Usiseme tu "nisaidieni". Sema hivi: "Nilitakiwa kulipa tarehe 5. Malipo ya maziwa yamechelewa. Nimelipa 2,000 leo, na zilizobaki nitalipa tarehe 20. Naomba mniondolee ada ya kuchelewa." Nne, wakikubali, omba wakutumie ujumbe wa maandishi, na usiufute. Akikataa wa kwanza, omba kwa upole uzungumze na mkubwa wake.

Kumbuka kwamba unaomba ada, huombi deni lifutwe. Dawa ya deni bado ni kulipa.

Sheria nayo inakulinda kwa kiasi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya kinasema mkopo ukishindikana, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku uliposhindikana. Kama ulikuwa 5,000, riba haiwezi kupita 5,000 nyingine, ingawa gharama za kudai zinaweza kuongezwa. Na kwa wakopeshaji wa mitandaoni wasio benki, kanuni za mwaka 2022 zinawataka wawe na leseni ya Benki Kuu. Zinawakataza kukutisha, kukutukana, au kuwapigia simu jamaa na majirani walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Anayefanya hivyo anaweza kushtakiwa kwa Benki Kuu.

Kuhusu CRB, deni lisilofika shilingi 1,000 halitakiwi kukuchafulia jina huko tangu mwaka 2020. Kwa deni kubwa zaidi, mkopeshaji anatakiwa akujulishe kwanza. Ujumbe huo wa onyo ukifika, usiukimbie. Huo ndio wakati wa kupiga simu.

Jihadhari pia na matapeli. Atakayekupigia akisema atakusafishia jina CRB au atakufutia ada ukimtumia "pesa kidogo ya kazi" ni mwizi. Kuomba msamaha wa ada hakulipiwi. Tumia nambari za mkopeshaji mwenyewe, na usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri.

Wenye madeni ya mamilioni huketi na benki na kupangiwa upya jinsi ya kulipa, na hakuna anayewacheka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwenye deni la shilingi 5,000 naye ana haki ya kuuliza, na kuuliza kwenyewe ni simu moja tu.