Makofi si kipimo cha hotuba

Ni nadra mtumishi wa umma kumaliza mwaka bila kusimama mbele ya watu. Bwana shamba huwahutubia wakulima, mwalimu mkuu huwahutubia wazazi, mganga huwaeleza akina mama namna ya kumnywesha mtoto dawa. Kazi hiyo ya kusema huhesabiwa kuwa nyepesi, kana kwamba kila mwenye ulimi na cheo anaiweza. Makosa yake hayaonekani mkutanoni. Huonekana baadaye, mashambani na majumbani, wakati msemaji amekwisha kupanda gari na kurudi wilayani.

Chukua mfano wa ofisa anayewaeleza wanakijiji wapande mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashina. Maneno ni sahihi. Mwenyekiti anashukuru, makofi yanapigwa, na taarifa inaandikwa kwamba elimu imetolewa. Lakini mkulima hana futikamba, na sentimita hazimwambii kitu akiwa na jembe mkononi. Anapanda kama alivyozoea, na msimu ukiisha husemwa maofisini kwamba wananchi ni wagumu wa kubadilika. Lawama hiyo si ya haki hata kidogo. Laiti ofisa angemwomba mkulima mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyopanda kesho, kasoro ingejulikana pale pale, na safari ya pili angekuja na kamba yenye mafundo na kijiti kilichokatwa kwa kipimo.

Kinachowaponza wasemaji wengi ni sifa. Aliye chini hathubutu kumwambia mkubwa wake kwamba amewaweka wazee juani saa mbili, au kwamba nusu ya maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Humwambia, "Mzee, leo umesema!" Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kiongozi mwenye busara haulizi kama amesema vizuri, maana jibu analijua kabla. Huuliza ni neno gani halikueleweka, na watu walianza kunong'onezana wakati gani. Anayejibu kweli hana budi kulindwa. Akikemewa mara moja, hatapatikana wa pili. Si kila lawama ni ya kupokelewa, kwani aliyekaa mbali atasema sauti ilikuwa ndogo. Watatu wakisema hivyo kutoka pande tatu, basi ilikuwa ndogo.

Jambo hili si geni nchini. Kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha 1962, Tujisahihishe, kilikwisha kuhimiza makosa yazungumzwe waziwazi ndani ya TANU. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio haiwaoni wasikilizaji wake. Kwa hiyo kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kuongoza mazungumzo, wala hakuwekwa pale kuhutubia.

Walimu wana sababu kubwa zaidi ya kuyazingatia haya. Mwalimu akiwa bado chuoni, katika mafunzo ya vitendo, mkufunzi huketi nyuma ya darasa na kuandika kila kasoro. Akihitimu, huweza kupita miaka bila mtu kuketi tena nyuma yake, isipokuwa siku anapofika mthibiti ubora wa shule, na siku hiyo somo huandaliwa kama harusi. Wakati huo huo jirani yake wa darasa la pili ana kipindi kisicho na kazi. Kumwalika asikilize hakuhitaji kibali wala posho (na pengine ndiyo sababu halifanyiki).

Hata wanafunzi wanajua mwalimu anayezungumza na ubao badala ya darasa, hawajaulizwa tu. Vipande vya karatasi visivyo na majina, sentensi moja ya kilichoeleweka na moja ya kilichowashinda, huchukua dakika 5 za mwisho. Katika darasa la watoto 80 si lazima kuvisoma vyote. Kumi vya madawati ya nyuma vinatosha kumwonyesha mwalimu pa kuanzia kesho asubuhi.