Marehemu bado ana kura kwenye kikao cha familia

Umewahi kuona kikao cha familia kikigandishwa na sentensi moja? Unaomba kipande cha shamba kiuzwe ulipiwe karo, na shangazi anasema, "Baba yenu hatafurahi." Kimya. Utabishana vipi na mtu ambaye hayuko?

Si kwamba anadanganya. Kwetu wafu hawaondoki haraka. Miongoni mwa Waluo, mtoto mchanga akilia usiku bila kunyamaza, wazee huanza kutaja majina ya jamaa waliofariki. Akitulia, basi huyo ndiye aliyeitisha jina. Hata wewe hapo Kayole, namba ya marehemu bado iko kwenye grupu ya familia ya WhatsApp na hakuna anayethubutu kuitoa. Ni mapenzi hayo, usiyacheke.

Balaa huanza panapokuwa na mali au kaburi. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Ngong, akisema hayo ndiyo yalikuwa matakwa ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager nao ukataka Nyalgunga, Siaya, na mashahidi wake wakaieleza mahakama jinsi roho ya aliyezikwa kinyume cha mila inavyosumbua walio hai. Mtu mmoja, wasemaji wawili! Ukoo ulishinda. Akazikwa Mei 23, 1987, miezi mitano baadaye.

Linganisha na Raila Odinga. Aliaga dunia Oktoba 15, 2025, na familia ikasema aliacha ombi la kuzikwa ndani ya saa 72. Kufikia Oktoba 19 alikuwa amezikwa Bondo. Hapo haikuhitajika ndoto ya mtu yeyote.

Lakini usidhani ombi humaliza kila kitu. Kuhusu kaburi, jaji huzingatia alichotaka marehemu, ila si lazima akifuate. Kuhusu mali, Sheria ya Urithi iko wazi zaidi: hata wosia wa mdomo hukubalika, mradi umetamkwa mbele ya mashahidi wasiopungua wawili na aliyeutoa afariki ndani ya miezi 3.

Kwa hivyo shangazi akirudia kwamba baba alisema shamba lisiguswe, muulize kwa heshima, "Alisema lini, shangazi? Na nani mwingine alikuwepo?"