Kisukari na upofu: Jicho lisilouma ndilo la kupimwa

KILOMITA chache kutoka katikati ya mji wa Tabora, katika eneo la Kwihara, lipo Tembe la Livingstone, makumbusho yanayotunza kumbukumbu ya siku ambazo Dk David Livingstone na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley walikaa hapo mwaka 1872.

Njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji kupitia Tabora ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, lakini pia ilipitisha wagonjwa. Mmoja wao alikuwa Mwingereza John Hanning Speke. Alifika Kazeh, kama Tabora ilivyojulikana kwa wasafiri wa wakati huo, Novemba 1857 akiwa na mwenzake Richard Burton. Walipolifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858, Speke hakuweza kuliona sawasawa kwa sababu ya ugonjwa wa macho.

Hata hivyo, macho yake yalipata nafuu. Julai mwaka huo huo aliondoka Kazeh kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa karibu na Mwanza, akilitazama ziwa alilolipa jina la Victoria.

Hivi sasa wakazi wa Tabora, sawa na wenzao wa miji mingine nchini, wanakabiliwa na adui wa macho wa aina tofauti kabisa. Hauumi, hauwashi, hautoi tongotongo, na ukishakomaa haurudishi nuru iliyopotea. Adui huyo ni madhara ya kisukari katika retina.

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa zinazopelekwa kwenye ubongo. Utando huo hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari inapokuwa nyingi katika damu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika, hufanya vivimbe vidogo na kuanza kuvuja.

Majimaji yakivuja katikati ya retina, sehemu inayotumika kusomea na kutambua nyuso, mgonjwa huanza kuona ukungu. Mishipa mingine huziba. Retina ikikosa hewa ya oksijeni hujaribu kujiokoa kwa kuotesha mishipa mipya, lakini mishipa hiyo ni dhaifu. Hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au huacha kovu linaloivuta retina mpaka ikabanduka.

Jambo la hatari ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokea mgonjwa akiwa bado anaona vizuri. Anasoma gazeti, anahesabu fedha sokoni na kuendesha baiskeli bila tatizo. Siku anapolalamika, mara nyingi ugonjwa umekwisha kufika mbali.

Ukubwa wa tatizo hauwezi kupuuzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliohusisha watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia moja yao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Ingawa tafiti hizo hazikufanywa kwa njia moja, mwelekeo wake uko wazi. Duniani kote, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 589 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo mwaka 2024.

Mkoani Kilimanjaro, mpango wa kupima macho ya wenye kisukari uliwafikia watu zaidi ya 3,000 kati ya mwaka 2010 na 2014. Zaidi ya robo yao walikutwa na dalili za uharibifu wa retina.

Pamoja na takwimu hizo, yapo mazoea yanayochelewesha matibabu. La kwanza ni kuhesabu kila ukungu wa macho kuwa uzee. Mgonjwa hununua miwani ya mitaani, na kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sukari hubadilisha uono kwa muda, siku nyingine huona vizuri na kuamini kwamba amepona.

La pili ni kuchanganya ugonjwa huu na mtoto wa jicho. Wengi wamewaona jirani zao wakifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuona tena, hivyo husubiri wakitumaini kwamba nao siku moja watasafishwa macho. Retina iliyokufa hairudishwi na upasuaji huo.

La tatu linaihusu Tabora yenyewe, mkoa wenye sifa ya asali nzuri. Wapo wanaoamini kuwa asali, kwa kuwa ni ya asili, haimdhuru mwenye kisukari. Ukweli ni kwamba asali ni sukari, na hupandisha kiwango cha sukari katika damu.

Habari njema ni kwamba upofu huu unazuilika kwa kiasi kikubwa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1993, ulionyesha kuwa udhibiti madhubuti wa sukari kwa wagonjwa wanaotegemea insulini ulipunguza uwezekano wa retina kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Kudhibiti shinikizo la damu nako husaidia.

Aidha, tangu miaka ya 1970 imethibitika kuwa mionzi ya leza, ikitumiwa kwa wakati, hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uono kabisa kwa wagonjwa ambao mishipa mipya imeanza kuota. Zipo pia dawa zinazodungwa ndani ya jicho. Lakini tiba zote hizi hulinda zaidi kilichobaki kuliko kurudisha kilichopotea.

Ndiyo maana mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa kupimwa retina mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka, hata kama haoni tatizo lolote. Kipimo chenyewe si cha kutisha. Mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha retina hutazamwa au kupigwa picha.

Kinachotatiza ni umbali. Matibabu ya kibingwa ya retina hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, zikiwamo Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ya zamani ni takriban kilomita 840. Si rahisi kumshawishi mtu anayeona vizuri aache shamba au biashara, atafute nauli na kusafiri umbali huo ili kuangaliwa jicho lisilomuuma.

Kwa hiyo, kinachopaswa kusafiri ni kipimo, si mgonjwa. Hivyo ndivyo ilivyofanyika Kilimanjaro, ambako kamera ilipelekwa kwenye kliniki za kisukari, mahali ambapo wagonjwa walikuwa tayari wanafuata dawa. Picha inaweza kupigwa na mhudumu aliyefundishwa na kusomwa na mtaalamu aliye mbali. Anayebainika kuwa katika hatari ndiye anayelipiwa safari.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Thamani ya sheria hiyo kwa mwenye kisukari wa Kwihara itapimwa kwa swali moja: je, atapigwa picha ya retina akiwa bado anaona, au atalipiwa matibabu baada ya giza kuingia?

Speke alipoteza uono njiani, akapumzika, kisha akaona ziwa jingine. Mgonjwa wa kisukari hana nafasi hiyo ya pili. Jicho lake linapaswa kupimwa leo, likiwa bado haliumi.