Baiskeli za umeme: kipimo kiwekwe sasa

Baiskeli za umeme zimeshaingia nchini, na bei ya petroli itazileta Songea kwa wingi kuliko tangazo lolote la biashara. Hatuna ugomvi nazo. Tunachokipinga ni kuziacha zijae bila kipimo.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na madaraja ya leseni za pikipiki yanatenganishwa kwa ujazo wa injini: cc 125 ndiyo mpaka. Mota ya umeme haina cc. Chombo chenye pedali kinachokimbia kilomita 50 kwa saa, muuzaji atakiita baiskeli, trafiki atakiita pikipiki, na siku ya ajali bima itakikana kwa majina yote mawili.

Umoja wa Ulaya ulishaamua: mota isizidi wati 250, na msaada wake ukatike mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Wapo watakaosema wati 250 hazimtoshi mkulima anayepanda vilima vyetu na gunia la mahindi. Ni kweli. Anayehitaji nguvu zaidi aipate, ila kwa namba, leseni, bima na kofia ngumu, kama dereva yeyote wa bodaboda. Kutoka kilomita 25 hadi 50 kwa saa, nishati ya mgongano huongezeka mara nne, na breki za baiskeli hazikuundwa kwa kishindo hicho.

Hatari nyingine iko ndani ya nyumba. Betri ya lithiamu iliyoharibika, au inayochajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kulipuka moto usiozimika kwa ndoo ya maji, tena usiku, watu wamelala. Moto wa betri hizi uliua watu 18 jijini New York mwaka 2023, mwaka uleule jiji hilo lilipopiga marufuku uuzaji wa zisizothibitishwa.

Gharama ya kuchelewa tunaijua. Bodaboda zilijaa kwanza, kanuni za leseni za usafirishaji zikafuata mwaka 2010, zikawakuta vijana wengi barabarani bila mafunzo. Wodi za mifupa zina ushahidi.

Shirika la Viwango (TBS) likague betri, chaja na mota bandarini, si dukani hapa Majengo, Songea, baada ya mtu kuungua. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) isitoe leseni ya biashara kwa chombo kisichojulikana daraja lake. Nalo Bunge litamke bila kigugumizi: kinachozidi wati 250 au kilomita 25 kwa saa ni pikipiki, na kisiingie barabarani hadi kisajiliwe hivyo.