Nyota Wengi, Mpira Mmoja

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Usemi huo hutajwa kila mara timu inapokusanya wachezaji wenye majina makubwa kisha ikashindwa, na hutajwa kwa namna ya kufunga mjadala, kana kwamba nyota kutoelewana ni amri ya maumbile. Lakini walimu na watumishi wanaokabidhiwa kazi ya kuchagua timu za vijana hawawezi kuridhika na methali peke yake. Wao hulazimika kutoa jibu kwa vitendo, na jibu lao huwa na matokeo.

Uchukuliwe mfano wa Wilaya ya Kilwa. Unapofika wakati wa mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, timu ya wilaya hupaswa kuundwa kutoka shule zilizotawanyika mno, tangu zile za pwani, jirani na Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, hadi za kata za bara kama Likawage, ambako safari ya kufika makao makuu ya wilaya ni ndefu na mvua za masika huifanya iwe ndefu zaidi. Walimu wana njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kutoka kila shule yule kijana anayefunga kuliko wenzake wote. Ya pili ni kuichukua timu ya shule moja iliyokwisha kuzoeana na kuipeleka kama ilivyo. Njia ya kwanza huonekana kuwa ya haki, lakini huzaa timu ya wageni. Njia ya pili huzaa timu inayoelewana, lakini humwacha kijana wa Likawage nyumbani, hata awe na kipaji cha namna gani. Kwa hiyo swali hili si la porojo za barazani, maana ndani yake mna haki ya mtoto.

Swali hilohilo limejaribiwa kwa fedha nyingi mno katika NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, na majibu yaliyopatikana huko yanafaa kusomwa hata na mwalimu ambaye uwanja wake ni wa udongo. Uwanjani huwamo wachezaji watano tu wa kila upande, mpira ni mmoja, na timu inayoumiliki hupewa sekunde 24 iwe imeutupa kikapuni. Hesabu yake ni fupi. Nyota aliyezoea kutupa theluthi ya mitupo yote ya timu yake, akikutanishwa na wengine wawili wenye mazoea hayohayo, basi watatu hao watakuwa wameimaliza mitupo yote, na wenzao wawili watabaki kuwa watazamaji waliovaa jezi. Kabla hata ya kuzungumza habari za majivuno na wivu, hesabu yenyewe inadai kwamba lazima mtu apunguze.

Mwaka 2004 ulitoa funzo hilo mara mbili. Timu ya Los Angeles Lakers ilikuwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, waliokwisha kutwaa ubingwa mara 3 mfululizo tangu mwaka 2000 hadi 2002. Ikawaongeza Karl Malone na Gary Payton, wakongwe wenye sifa kubwa. Ilifika fainali, ikafungwa na Detroit Pistons michezo 4 kwa 1. Ni kweli kwamba Malone alikuwa ameumia goti, na haifai kulisahau jambo hilo. Hata hivyo, Detroit haikuwa na jina hata moja la kulingana na yale manne. Ilikuwa na watu waliojua kila mmoja asimame wapi wakati wa kulinda, na mwalimu wao, Larry Brown, alikuwa mtu wa kusisitiza wajibu.

Miezi miwili baadaye, Larry Brown huyohuyo aliiongoza timu ya taifa ya Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Athens. Kikosi chake kilikuwa na Tim Duncan, Allen Iverson na vijana LeBron James na Dwyane Wade. Kilifungwa na Puerto Rico 92 kwa 73 katika mchezo wa kwanza, kikafungwa na Lithuania, kisha kikafungwa na Argentina 89 kwa 81 katika nusu fainali, kikarudi nyumbani na medali ya shaba. Mwalimu alikuwa yuleyule na mwaka ulikuwa uleule. Kilichokosekana ni muda wa kuzoeana, kwani kikosi kile kilikuwa kimekusanywa kwa majuma machache tu. Argentina iliyotwaa dhahabu haikuwa timu ya watu wa kawaida, maana naye Manu Ginobili alikuwa nyota. Lakini wengi wa wachezaji wake walikuwa pamoja tangu walipofika fainali ya ubingwa wa dunia mwaka 2002.

Je, yatosha kusema kwamba nyota hawawezi kuungana? La hasha! Mwaka 2007 Boston Celtics iliwaleta Kevin Garnett na Ray Allen wakaungane na Paul Pierce. Kila mmoja wao alikuwa ndiye tegemeo la timu yake, na mwaka uliofuata, 2008, walitwaa ubingwa. Siri yao inaonekana katika takwimu. Msimu mmoja kabla ya kuungana, Allen alikuwa akifunga wastani wa pointi 26 kwa mchezo. Katika Boston wastani huo ulishuka hadi 17. Garnett alishuka, na Pierce alishuka pia. Hakuna aliyebaki na hesabu yake ya zamani, na ndiyo sababu timu ilipanda.

Miami Heat ilichukua muda mrefu zaidi kulifahamu jambo hilo. Mwaka 2010 iliwaunganisha LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh, kwa shangwe kubwa na ahadi nyingi. Mwaka 2011 ikafungwa na Dallas Mavericks katika fainali. Ubingwa ulikuja mwaka 2012 na tena mwaka 2013, baada ya Wade, aliyekuwa mwenyeji na bingwa wa mwaka 2006, kukubali kwamba usukani uwe mikononi mwa James, na baada ya Bosh kuukubali wajibu wa mtu wa kati, mwenye kupambana na majitu na kutupa mara chache. Watu walikuwa ni walewale walioshindwa mwaka 2011. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi.

Watu wa pwani hawahitaji kwenda Miami kulifahamu hilo. Husemwa kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini methali hiyo haisemi kwamba nahodha hodari hafai kuwamo katika jahazi la mwingine. Anafaa sana, ilimradi akubali kushika kamba ya tanga siku ambayo usukani si wake. Nao wakulima wa vijiji vya bara wanaolinda mashamba dhidi ya nguruwe wanajua kwamba kijana shujaa anayeacha lindo lake kumkimbiza mnyama mmoja huwaachia wanyama wengine mlango. Ushujaa wake ni wa kweli, na hasara yake ni ya kweli vilevile.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Timu ya taifa iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika ilikusanya wachezaji waliozoea kupambana vikali katika ligi, wa Simba, Yanga na Pan African. Walipata nafasi hiyo kwa kuitoa Zambia mwaka 1979, baada ya sare ya bao 1 kwa 1 mjini Ndola, bao ambalo Peter Tino alilifunga na ambalo bado linasimuliwa. Mahasimu hao hawakuacha kuwa mahasimu katika vilabu vyao. Waliliweka kando jambo hilo kwa ajili ya kazi moja. Miaka 39 ikapita kabla ya Tanzania kufuzu tena mwaka 2019, na katika miaka hiyo nchi haikukosa wachezaji wenye majina.

Hata hivyo, hatari nyingine ni kuvuka mpaka na kudhani kwamba umoja peke yake hufunga mabao. Namungo ya Ruangwa, katika mkoa huuhuu wa Lindi, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi mwaka 2020 na kufungwa na Simba mabao 2 kwa 1, bila kuwa na majina ya kulingana na ya wapinzani wake. Lakini ilipoingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2021, ikakutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, haikuweza kusonga mbele. Ushirikiano hukuza kipaji kilichopo, wala hauzibi pengo la kipaji kisichokuwapo.

Hapana budi pia vijana waelezwe kwamba unyota si cheo cha kudumu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa nguzo ya chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 kati ya wachezaji wote wapya walioingia NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Katika ligi hiyo alianzia benchi michezo yake mingi. Hilo si aibu kwake, kwani karibu kila anayekaa katika mabenchi yale alikuwa mfalme mahali fulani. Mwanafunzi anayefundishwa mapema kwamba kuna siku kazi yake itakuwa kuzuia, kudaka na kumpa mwenzake, ameandaliwa vyema kuliko yule anayesifiwa kwa kufunga tu.

Kutokana na hayo, njia ya tatu iko wazi kwa wanaochagua timu za wilaya. Kwanza, uwekwe msingi wa wachezaji watatu au wanne wa shule moja waliokwisha kuzoeana, ili kikosi kiwe na lugha ya pamoja tangu siku ya kwanza. Pili, nafasi zinazobaki zitafutwe kwa kazi inayohitajika: mlinzi, mtoaji pasi, mdakaji wa mipira inayorudi. Mfungaji wa tano katika timu yenye wafungaji wanne ni mzigo, hata akiwa hodari namna gani. Tatu, walimu wawafuate vijana katika kata zao, kwa sababu mtoaji pasi haonekani katika orodha ya wafungaji inayopelekwa Masoko; huonekana kwa macho ya mtu aliyekaa kando ya uwanja wa Likawage mchezo mzima. Nne, kambi ianze mapema. Ni kweli kwamba kambi ndefu hugharimu chakula, nauli na vipindi vya darasani, na bajeti za halmashauri ni finyu. Basi ikiwa siku haziwezi kuongezwa, idadi ya wageni katika kikosi ipunguzwe, maana Athens ilionyesha kwamba vipaji vikubwa vilivyokutana jana hushindwa na vinavyofahamiana tangu juzi.

Mafahali wawili, kwa hakika, hawakai zizi moja wakiachwa wagombee jike na majani. Lakini mkulima wa jembe la kukokotwa huwafunga nira moja maksai wawili wenye nguvu, akawazoeza kwa subira, nao wakalima shamba ambalo mmoja asingelimaliza. Kazi hiyo ya kuzoeza ndiyo wajibu wa mwalimu.