Mtoto Apimwe Pamoja na Nyumba Yake

Miongoni mwa maradhi yanayomfika mtoto, yale yasiyo na jeraha wala homa ndiyo yanayochelewa kutambuliwa, na aghalabu hupewa jina lisilo lake. Katika wilaya ya Sengerema, kando ya Ziwa Victoria nchini Tanzania, tangu Busisi hadi mialo ya Buchosa na visiwa vya Kome na Maisome, kijana wa miaka 14 ambaye baba yake amezama ziwani, kisha akaacha kucheza na wenziwe, akakosa usingizi, akawa mkali kwa jambo dogo na mzito wa masomo, shuleni ataitwa mtoro na nyumbani ataitwa jeuri. Na hali ikizidi, jirani atasema amerogwa, na mjomba atashauri apelekwe kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, aulize masamva, mizimu ya ukoo, wanadai nini. Hakuna katika hao aliyekusudia ubaya. Lakini pia hakuna aliyeketi na kijana huyo faraghani, akamwuliza kwa upole amepatwa na nini, akangoja jibu.

Hoja yangu ni kwamba kupimwa nafsi na kutibiwa ni haki ya mtoto wa Sengerema kama ilivyo haki yake kuchanjwa na kupimwa malaria, na kwamba haki hiyo haitatimia iwapo mtoto atapokewa peke yake, kana kwamba huzuni yake imezaliwa mbali na baba, mama, bibi na ndugu anaokula nao sahani moja.

Wapo wanaodhani upimaji wa namna hii ni kumtafuta mtoto wazimu, nao huogopa aibu. Ukweli ni mwingine kabisa. Mtabibu mwangalifu huanza na mwili: huhakikisha mtoto anaona na kusikia vyema, hana kifafa, wala hakudhoofishwa na upungufu wa damu au kichocho, ugonjwa ambao watoto wa ukanda wa ziwa huupata majini na ambao huwapunguzia nguvu ya kujifunza. Kisha huuliza. Mojawapo ya nyenzo zinazotumika duniani ni dodoso fupi lililochapishwa mwaka 1997 na tabibu Robert Goodman wa London, lenye sentensi 25, na limekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Hujibiwa na mzazi na mwalimu, na mtoto aliyetimiza miaka 11 hujijibia mwenyewe. Na kila sentensi ina majibu matatu tu: si kweli, kweli kiasi, au kweli kabisa. Huulizwa kama mtoto hulalamikia tumbo au kichwa mara kwa mara, kama ana hofu nyingi, kama anaye rafiki japo mmoja. Tena huulizwa kama ni mwema kwa watoto wadogo na kama huwagawia wengine alicho nacho, maana anayepimwa ni mtu kamili, si rundo la makosa. Majibu yakiwekwa pamoja, huenda mwalimu ameandika kwamba kijana hupigana, mama ameandika kwamba hulia usiku, naye kijana ameandika kwamba anaogopa. Watu watatu wamemweleza mtoto mmoja, wala hakuna aliyesema uongo. Ila kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kabla ya siku ile vipande hivyo havikuwahi kuunganishwa.

Kuhusu tiba, ushahidi upo hapa nchini. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Moshi, na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowahudumia hawakuwa mabingwa wa maradhi ya akili, bali wananchi waliofunzwa kazi hiyo na kusimamiwa kwa karibu. Kwa majuma 12 watoto walikutana katika kikundi chao na walezi katika chao: watoto wakijifunza kutuliza fadhaa na kukisimulia kifo kidogo kidogo, walezi wakijifunza kuyasikiliza masimulizi hayo bila kuyakatiza. Tiba ilipomalizika, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliohudumiwa hivyo kuliko kwa wenzao waliopata huduma za kawaida tu, katika sehemu tatu kati ya nne za jaribio (mjini na vijijini katika kila nchi), ikiwamo Moshi mjini. Mwaka ulipopita, faida hiyo ilidumu Kenya, ilhali Tanzania watoto wa pande zote mbili walikuwa wamepata nafuu inayolingana. Insafu inatutaka tuyaseme yote mawili. Hata hivyo linalobaki ni kubwa, nalo ni kwamba mwananchi aliyefunzwa vyema aweza kumpa mtoto nafuu mapema, mlezi akiwa mshiriki.

Kumshirikisha mlezi huku kwetu kunadai maarifa ya mahali. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Baadhi yao huhama mwalo hadi mwalo wakimfuata samaki, na watoto hubaki kwa bibi. Kliniki itakayompangia baba miadi katika siku za giza itamkosa, kisha itaandika kwamba wazazi wa Sengerema hawajali. Miadi ya jamaa na ipangwe kwa kufuata mbalamwezi, na bibi ahesabiwe kuwa mlezi kamili, mwenye haki ya kuulizwa na kuelezwa.

Zaidi ya miadi, jambo la pili la kurekebisha ni fimbo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulibainisha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, walikwisha kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Nchi yetu bado inaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule. Lakini kiboko hakina uwezo wa kutofautisha ukaidi na majonzi, na mtoto aliyefiwa akichapwa kwa kuchelewa hujifunza kwamba huzuni ni kosa. Mwaka 2018 mtafiti Mabula Nkuba na wenzake walionyesha kwamba walimu wa shule za umma nchini, wakifundishwa njia nyingine za kuadibu, hupunguza adhabu za ukatili. Mwalimu, basi, asilaumiwe kabla ya kufundishwa.

Najua nitaambiwa kwamba tunao wazee, mapadri, wachungaji na masheikh, na kwamba fedha hazitoshi. Wazee ni hazina kweli. Lakini katika misiba yetu mtu mzima hupewa pole na kuketishwa mkekani, ilhali mtoto wa marehemu hutumwa maji. Na kuhusu fedha, tuitazame Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2006 tabibu wa maradhi ya akili Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kuketi benchini nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye dhiki, na mpango huo ukaenea mpaka nje ya nchi ile. Bibi wa Nyakalilo hana upungufu wa hekima. Amepungukiwa mafunzo na msimamizi.

Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeifanya safari ya kwenda hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, kuwa nyepesi kuliko enzi za kusubiri kivuko, na hiyo ni neema kwa mgonjwa mahututi. Lakini mtoto anayehitaji kuonwa kila juma kwa miezi mitatu hawezi kulipiwa nauli ya Mwanza kila juma, achilia mbali ya kwenda hospitali ya maradhi ya akili ya Mirembe huko Dodoma. Huduma na imfuate yeye. Hospitali ya Sengerema iwe na siku moja maalumu kila juma kwa watoto na jamaa zao. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao mwaka 2024, wafunzwe kumtambua mtoto mwenye kiwewe. Na kila shule impe mwalimu wa ushauri nasaha chumba chenye mlango unaofungika pamoja na vipindi vilivyopunguzwa, kwa kuwa siri ya mtoto ni amana, isiyofunguliwa ila pale usalama wake unapohitaji afisa ustawi wa jamii au simu ya bure namba 116.

Haya yote yamo ndani ya uwezo wa halmashauri zetu mbili, Sengerema na Buchosa. Madiwani watakapoketi kupitisha bajeti ijayo, wazazi tuwaulize kwa jina la fungu na kwa kiasi chake ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya afya ya akili ya watoto; na wakijibu kwamba hakuna, tusiondoke ukumbini mpaka liwepo.